Wakiwa Sawasawa, Nani Apite?

Chukua kalamu, ndugu msomaji, tufanye hesabu ndogo kabla ya maneno mengi. Timu ya kwanza imecheza mechi tatu. Imefungwa 2-1, ikatoka sare 1-1, ikatoka sare 0-0. Timu ya pili nayo imecheza tatu. Imefungwa 2-1, ikatoka sare 1-1, ikatoka sare tena 1-1. Kila moja ina pointi mbili. Kila moja imefungwa bao moja zaidi ya yale iliyoyafunga. Nafasi ni moja tu. Haya, nani apite? Na ukishanijibu hilo, nijibu la pili, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi: huyo uliyempitisha ni bora kuliko mwenziwe?

Wala si fumbo la mwalimu wa hesabu. Timu ya kwanza ni Angola na ya pili ni Tanzania, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Moroko kuanzia Disemba 2025. Timu zilikuwa 24 katika makundi sita. Wawili wa juu wa kila kundi walipita moja kwa moja, hao ni 12. Ili wapatikane 16 wa mtoano, wakachukuliwa wanne kati ya wale sita waliomaliza nafasi ya tatu. Watangazaji wetu wana jina lao zuri sana: mshindwa bora. Litafakari hilo jina. Umeshindwa, lakini umeshindwa vizuri.

Msumbiji, Benin na Sudan walikuwa na pointi tatu tatu, hao hawakuwa na shida. Ikabaki nafasi ya nne, na wenye pointi mbili walikuwa watatu: Tanzania, Angola na Komoro. Komoro walifungwa 2-0 na Moroko, kisha wakatoa sare mbili za 0-0. Upungufu wao ukawa wa mabao mawili, wakatangulia kutoka. Hapa Mji Mkongwe zimo nyumba nyingi zenye damu ya Ngazija, kwa hiyo usifikiri kila mtu alikuwa anacheka. Wakabaki wawili, Tanzania na Angola, kila mmoja na upungufu wa bao moja. Kanuni ikasema basi hesabuni mabao ya kufunga. Tanzania matatu, Angola mawili. Tanzania ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Usiku wa 30 Disemba mji haukulala. Kesho yake pale Jaws Corner, kwenye kahawa na dhumna, maneno yalikuwa ya pande mbili. Hawa wanasema tumebahatika, hawa wanasema tumestahili. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Na hao Angola wamekosa nini?" Basi bwana, hakuna aliyejibu. Mmoja akacheka, mwingine akageuza maneno. Mimi nimelibeba lile swali mpaka leo, na ndilo nililokaa kuliandikia hapa.

Tuanze na la upande wetu, maana lipo na si dogo. Tarehe 23 Disemba Tanzania ilifungwa 2-1 na Naijeria, na bao letu lilifungwa na Charles M'Mombwa. Mechi ikishapotea, bao la namna hiyo hubaki bao la kufutia machozi tu. Unalipiga makofi mawili, unarudi kwenye huzuni yako. Hakuna aliyetoka nje kulishangilia kwa ngoma. Siku saba baadaye Feisal Salum, kijana wa hapa hapa Unguja, akawasawazishia Tunisia, na ghafla lile bao la machozi likawa mtaji. Lisingekuwepo lile, tungekuwa na mabao mawili na upungufu wa mabao mawili, na Angola wangepita. Mimi napenda jambo hili. Napenda kwamba kitu ulichokifanya katika mechi uliyoipoteza kiliandikwa mahali, kikahesabiwa. Anayeandika hadithi usiku kwa taa ya chemni umeme umekatika, bila ya kujua nani atamsoma, ananielewa.

Lakini subiri. Angola nao walikuwa na bao la machozi katika kufungwa kwao 2-1 na Afrika Kusini. Walitoka sare na Zimbabwe kama sisi tulivyotoka sare na Uganda. Tofauti yetu nzima, ukiikamua mpaka tone la mwisho, ni mechi moja: wao 0-0 na Misri, sisi 1-1 na Tunisia. Kwenye pointi, sare ni sare, moja na moja. Lakini kwenye kanuni ya kuvunja ulinganifu, 1-1 ikaizidi 0-0. Kwa nini? Anayefunga moja akafungwa moja ana nini kumshinda yule aliyeufunga mlango wake mbele ya Misri, vinara wa kundi? Waliokaa mezani wangeandika kwamba apite aliyefungwa machache, Angola wangepita, maana wao walifungwa matatu na sisi manne. Mechi zile zile. Jasho lile lile. Hakuna mpira ambao ungebadilisha njia yake hata shibiri moja. Kilichobadilika ni sentensi moja kwenye karatasi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na atakayeniona mkaidi anione: kanuni ya kuvunja ulinganifu haigundui aliye bora. Ubora ulikwisha kupimwa, mizani ikasimama katikati. Kinachofuata si kupima tena, ni kukata. Na aliyeshika kisu anachagua pa kukata kufuatana na anachokipenda. Watu wa mpira wanapenda mabao kwa sababu mabao yanajaza viwanja na yanauza televisheni, basi wakaandika mabao. Sikatai. Ila tusiite kisu mizani.

Angalia yaliyowapata Yanga mwaka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, 28 Mei, wakafungwa 2-1 na USM Alger. Mechi ya pili, 3 Juni, wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Kushinda fainali katika kiwanja cha Waarabu wale si mchezo, wenye kuijua mipira ya huko watakuambia. Jumla 2-2, kila mmoja ameshinda mara moja, na kikombe kikabaki Algiers kwa sababu mabao mawili ya wenyeji wale yalifungwa ugenini na Yanga walikuwa na moja tu la ugenini. Sasa Ulaya, UEFA walikwisha kuifuta kanuni hiyo tangu mwaka 2021. Yaani mwaka ule ule, mchezo ule ule, bao la ugenini lilikuwa zito Afrika na jepesi Ulaya. Kama ule ulikuwa ukweli kuhusu nani bora, mbona unabadilika ukivuka bahari? Mimi si mtu wa Yanga, kwetu nyumbani wengi ni Simba. Lakini siku ile sikucheka.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza vipengele. Kimoja kikishindwa lete cha pili, cha pili kikishindwa lete cha tatu, mpaka haki ipatikane. Wamarekani wameifuata njia hii mpaka mwisho wake. Wana mpira wao wa kushika mkononi na kugongana, na ligi yao kubwa, NFL, ina timu 32. Kila moja hucheza mechi 17 tu katika msimu wa kawaida, kwa hiyo nyingine hazikutani kabisa, na mwisho wa msimu waliolingana ni wengi. Timu 14 huingia mtoano, na nafasi yako katika hao 14 ndiyo inayoamua utacheza nyumbani au utasafiri. Waliolingana katika kundi moja hupandishwa ngazi ndefu. Nani alimshinda mwenziwe walipokutana. Kisha rekodi ndani ya kundi. Kisha rekodi dhidi ya wapinzani waliokutana nao wote wawili. Mbele zaidi kinakuja kipengele kilichonishangaza: wanawatazama wale uliowashinda, je na wao walishinda mara ngapi? Ushindi wako wa Septemba unapanda au unashuka thamani kwa mambo atakayoyafanya Disemba mtu uliyekwisha kumfunga na kuachana naye. Ngazi inaendelea kupanda, hesabu juu ya hesabu, na ukifika kwenye kidato cha juu kabisa, baada ya elimu yote ile, unamkuta mtu amesimama na sarafu mkononi. Anairusha.

Nilipoisoma ile orodha nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Maana walijua. Walijua tangu mwanzo kwamba ngazi haifiki mbinguni, kwamba wanaweza kupatikana wawili ambao hakuna akili ya kuwatenganisha, na wakawa na uungwana wa kuiweka ile sarafu pale juu bila ya kuificha.

Mpira wetu wa miguu nao una ngazi yake, na baadhi ya vidato vimeoza. Kombe la Dunia 2018, Senegali na Japani: pointi nne nne, mabao manne ya kufunga, manne ya kufungwa, na walipokutana wenyewe kwa wenyewe 2-2. Wakahesabiwa kadi. Japani njano nne, Senegali njano sita. Senegali wakarudi nyumbani. Wakubwa wanaiita hiyo kanuni ya uungwana. Lakini itazame ilivyozaa! Japani walikuwa wanafungwa 1-0 na Poland, wakapata habari kwamba Kolombia imeshatangulia kuwafunga Senegali. Dakika za mwisho wakaacha kucheza. Wakawa wanapeana mpira nyuma polepole, hawataki bao, hawataki kosa, hawataki kadi, na watu uwanjani wanawazomea. Hawakuvunja sheria yoyote. Waliisoma karatasi na kuitii. Kanuni ya uungwana ikatuzalia mchezo wa aibu, na mimi siwalaumu Japani hata chembe. Namlaumu aliyefikiri kwamba kadi ya refa ni kipimo cha tabia ya taifa.

Linganisha na Guinea na Mali, Kombe la Afrika 2015. Kila mmoja alitoka sare 1-1 mara tatu, pamoja na ile waliyocheza wenyewe kwa wenyewe. Hapakuwa na pa kushika. Tarehe 29 Januari, mjini Malabo, wakaitwa chumbani ikapigwa kura, kama watoto wanavyochagua nani ajifiche na nani atafute. Guinea wakapita. Magazeti yakapiga kelele kwamba ni upuuzi, kwamba hatima ya taifa imetiwa ndani ya bakuli. Mimi nauliza, Mali waliondoka na jeraha gani? Waliondoka wakijua kwamba hawakuzidiwa. Hakuna mtu duniani anayeweza kusema Guinea walikuwa bora. Bakuli halikuwatukana.

Sisi Waswahili hili tulilijua zamani. Wazee wakigawana shamba la mikarafuu, wakishayalinganisha mafungu, hupiga kura nani achukue lipi, na hakuna anayetoka pale akiona amedharauliwa. Kura haisemi wewe si kitu. Inasema nyinyi nyote ni kitu, ila fungu hili ni moja.

Najua kuna jibu, na ni jibu zito. Mtu ataniambia: yakhe, mchezaji amekimbia dakika 270, umalizie jasho lake kwa bahati? Bora penalti, angalau anapiga yeye mwenyewe kwa mguu wake. Hapo nakubali nusu. Zanzibar Heroes walipofika fainali ya Chalenji Disemba 2017 kule Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya, wakafungwa kwa matuta 3-2, tulilia lakini tulilia tukijua kwamba vijana walipewa mpira wakapiga. Mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, alipangua mikwaju mitatu, na mtu aliyepangua mitatu huwezi kumwambia hakufanya kitu. Basi vidato vya mwanzo vya ngazi na vitoke katika mchezo wenyewe, mambo ambayo mchezaji anayafanya akiwa anacheza kweli. Nani alimfunga nani. Mabao. Penalti pakiwa na nafasi ya kupiga. Hivyo sivikatai. Ninachokikataa ni kuongeza vidato visivyohusu ili tu tusionekane tumepiga kura, na ninachokikataa zaidi ni kumwambia aliyekatwa kwamba amepimwa.

Maana hapa ndipo jambo linapotoka kiwanjani na kuingia mitaani kwetu. Nina jirani, tumesoma skuli moja na kumaliza kidato cha nne mwaka mmoja. Aliomba nafasi ya mafunzo mahali fulani, sipataji. Waliofika mwisho walikuwa wawili, na alama zao za usaili zilikuwa sawasawa. Haya aliyapata baadaye sana, kwa mtu aliyekuwemo ndani. Nafasi ilikuwa moja, wakubwa wakamchukua yule aliyetangulia kuleta fomu. Asubuhi na mchana, ndiyo tofauti yao. Mimi sioni dhambi hapo; lazima mmoja achukuliwe, na kutangulia ni kanuni kama kanuni nyingine. Lakini barua aliyopelekewa ilisema "hukufikia kiwango kinachotakiwa". Maneno matatu. Kijana akayaamini. Kwa nini asiyaamini, yalikuwa na muhuri! Akakaa miaka miwili haombi kitu, ukimwambia twende kuna tangazo anakujibu, "Mie kiwango sina." Wangemwandikia kwamba mmelingana, nafasi ni moja, mwenzio katangulia, angekasirika siku tatu na ya nne angeamka.

Na yule aliyepata pia anadanganywa, tusimsahau. Anaingia akijiona ameshinda, anaanza kuwatazama waliobaki nje kama watu wa daraja nyingine. Nusu ya kiburi cha mji huu, mimi naona, ni cha watu waliopita kwa mabao ya kufunga.

Nimelitumia neno kura mara nyingi, na hebu tulitazame. Katika Kiswahili tunapiga kura kumchagua mbunge, na tunapiga kura kugawana mafungu. Neno ni moja. Na visiwa hivi viliwahi kuonja ulinganifu wa kura kwa namna ambayo si ya mpira. Januari 1961 palikuwa na viti 22. ASP walipata 10, ZNP 9, ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Uchaguzi ukaitishwa upya Juni mwaka huo huo, na safari hii kikaongezwa kiti cha 23 ili nambari isigawanyike sawa. ASP wakapata 10, ZNP 10, ZPPP 3, na ZNP na ZPPP wakaunda serikali pamoja. Katika ghasia za Juni ile walikufa watu 68.

Sisemi kiti kile ndicho kilichoua. Chuki ilikuwa na mizizi mirefu kuliko kiti, na nani alikuwa na haki hata wazee wangu nyumbani hawakubaliani mpaka leo. Ninalolitazama ni dogo zaidi. Kanuni ya kuvunja ulinganifu ikiletwa watu wakiwa wameshalingana, kila upande unaiangalia kwa jicho la kutafuta imeelekezwa kwa nani. Ikiwepo kabla, wakati hakuna anayejua atakuwa upande gani, mtu anaweza kuimeza hata ikimkata yeye. Angola walikuwa na kanuni ya mabao mikononi mwao kabla ya kupanda ndege. Ndiyo maana walilia lakini hawakusema wameibiwa. Jirani yangu hakupewa karatasi yoyote kabla. Kanuni ya asubuhi na mchana ilizaliwa siku ile ile iliyomkata.

Tanzania yenyewe haikwenda mbali. Tarehe 4 Januari 2026 ikakutana na Moroko, wenyeji, ikafungwa 1-0. Pale barazani wapo waliosema basi afadhali wangepita Angola. Hayo ni maneno ya hasira, hayana hoja.

Sasa niwageukie wahariri wa jarida hili, maana najua na wao kila toleo wanabaki na hadithi mbili na kurasa za moja. Ngazi yao siijui. Labda wanatazama nani hajatoka muda mrefu, labda nani kaandika fupi, labda wanarusha shilingi, na kama wanairusha mimi sina neno. Hadithi yangu ya wavuvi wa Nungwi iko mezani kwao tangu mwezi uliopita. Ikirudi, nawaomba waniandikie kwa kalamu pembeni kwamba zilikuwa mbili na kurasa zimejaa, kama ndivyo ilivyokuwa. Na kama ni mbovu, waniandikie hivyo pia, nijue cha kufanya nayo.